Deni la hospitali likishalipwa, kwa nini libaki kwenye ripoti ya mikopo?

Tangu Julai 2022, kampuni tatu kubwa za taarifa za mikopo Marekani, Equifax, Experian na TransUnion, hufuta kwenye ripoti ya mikopo, yaani rekodi ya madeni ya mtu ambayo wakopeshaji huisoma, deni la matibabu lililolipwa, hata kama lilikwisha kupelekwa kwa wakusanya madeni. Ambalo halijalipwa huandikwa baada ya mwaka mmoja, na tangu Aprili 2023 madeni yaliyoanza chini ya dola 500 hayaandikwi kabisa. Zamani hata aliyemaliza kulipa aliweza kubaki na doa hilo miaka 7, akinyimwa nyumba ya kupanga au mkopo wa gari.

Wakopeshaji wanapinga. Anayetoa fedha zake, wanasema, ana haki ya kujua mkopaji anadaiwa nini. Hospitali nazo zinahofia wagonjwa watapuuza bili, na nyingine huenda zikadai malipo kabla ya tiba. Hofu hii ya pili ni nzito, kwa sababu atakayerudishwa mlangoni ni maskini.

Lakini hoja ya wakopeshaji inasahau kwamba hakuna aliyechagua kuugua. Bili nyingi hufika na makosa, au bima ikiwa bado inavutana na hospitali. CFPB, ofisi ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilichunguza mwaka 2014 ikaona deni la matibabu halitabiri vizuri kama madeni mengine nani atashindwa kulipa mkopo. Kama ni hivyo, kumwadhibu aliyekwisha kulipa ni dhuluma tupu.

Januari 2025 ofisi hiyo ilitoa kanuni ya kuondoa madeni yote ya matibabu kwenye ripoti: takriban dola bilioni 49 za watu milioni 15. Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua, ikisema ofisi imevuka mamlaka yake. Nafuu iliyobaki, ukiacha majimbo yenye sheria zake, ni hiari ya kampuni zenyewe, na cha hiari kinaweza kuondolewa wakati wowote. Hapo ndipo ninapoogopa.

Deni lililohamishwa lina taabu zaidi. Hospitali humkabidhi wakala wa kukusanya madeni, wakala humuuzia mwingine, na deni moja linaweza kuonekana mara mbili. Kuuzwa huko hakuanzishi upya hesabu ya miaka 7 ya deni kukaa kwenye ripoti. Ukiona hivyo, ipelekee kampuni ya taarifa za mikopo pingamizi kwa maandishi pamoja na nakala ya risiti. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kuchunguza, na isichoweza kuthibitisha lazima ikifute.

Kufutwa kwenye ripoti, hata hivyo, hakufuti deni ambalo hujalipa. Bado unaweza kushtakiwa. Kwa Wakongomani wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, wanaozungumza Kiswahili na kuletewa bili kwa Kiingereza, jambo la kuulizia mapema ni msaada wa hospitali yenyewe: zile zisizo za faida zinatakiwa na sheria ziwe na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na zipokee maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu.