Wataalamu wa mazingira: tatizo ni nani anayewalipa

Huku Amu, yaani Lamu, mtaalamu wa mazingira akitajwa barazani, watu hutazamana. Wengi huamini kwamba huyo ameletwa na mwenye mradi, na ripoti yake ilishaandikwa kabla hajapanda boti Mokowe. Dhana hiyo haikuzuka hewani. Lakini naona tumeipeleka mbali mno, na kisa tunachopenda kuitetea nacho, cha Kwasasi, kinaelekea upande mwingine.

Kwa ufupi: Septemba 2016, NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga Kwasasi, bara kaskazini mwa Amu, kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Save Lamu, shirika la wakazi, na wenzao wakakata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira. Juni 26, 2019 leseni ikafutwa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaukubali uamuzi huo.

Husimuliwa kwamba wananchi waliwashinda wataalamu. Lakini sheria ya mazingira ya 1999 inataka jopo hilo liwe na wanasheria pamoja na watu waliobobea katika masuala ya mazingira. Tena waliokata rufaa walileta mashahidi wao wa kitaalamu. Basi hata upande wetu ulisimama juu ya utaalamu, na jopo likakubali kwamba watu hawakurudishiwa matokeo ya utafiti wayajadili, na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Serikali nayo ina hoja. Nchi inahitaji umeme, vijana wa miji yetu ya Hindi na Mpeketoni wanahitaji kazi, na mradi wenyewe ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 2. Iweje watu wachache wasiopigiwa kura wausimamishe? Swali ni la haki. Mtaalamu akikosea, hakuna uchaguzi wa kumwondoa. Mwanasiasa atakutana na wapiga kura wake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila neno la kamati ya wataalamu liwe amri.

Ila tuangalie uchafuzi wenyewe ni wa namna gani. Taka za plastiki ufukweni kila mtu anaziona. Moshi pia, wazee wetu wangeweza kuueleza bila digrii: upepo ukivuma kutoka kaskazini, moshi wa Kwasasi ungeteremka kuja visiwa vya Manda na Amu. Zebaki je? Makaa yakichomwa, zebaki iliyomo hupanda na moshi na hatimaye hushuka majini. Huko vijidudu vya matope huigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini mwa viumbe, dagaa wakaila, samaki wakubwa wakala dagaa, na kila hatua sumu inazidi kujikusanya. Papa na nguru ndio wanaobeba nyingi. Samaki hanuki, habadiliki rangi, hafi mbele ya mvuvi. Hakuna nahodha wa Paza atakayemkata nguru akasema huyu ana zebaki, na mama mjamzito anayemla hatajua lolote. Anayeweza kudhurika ni mtoto, ubongo wake, na hilo huenda lisionekane mpaka afike shule. Hapo bila kipimo cha maabara hatuna hata la kulalamikia.

Tumekwisha kuliona jambo hilo jirani. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri kutoa madini ya risasi. Waliugua kweli, lakini kilichoipa kesi yao uzito ni vipimo vya damu na udongo.

Kamati ya wataalamu kwa serikali ni kama rubani anayemwongoza nahodha katika mkondo wa Mkanda: usukani si wake, ila nahodha akipuuza na chombo kikapanda fungu, abiria wana haki ya kujua aliambiwa nini. Haki hiyo ndiyo tunayoikosa. Sheria inairuhusu NEMA kuunda kamati ya kitaalamu ya kuishauri juu ya ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, lakini haiilazimishi. Na anayeandika ripoti yenyewe huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Ana leseni, huenda ana dhamira safi, lakini ujira wake unatoka mfukoni mwa anayetaka kibali. Hilo ndilo linalotufanya tutazamane barazani, nasi tunamlaumu mtu badala ya mpango uliomweka hapo.

Ningependa mwenye mradi alipe pesa kwa NEMA, na NEMA ndiyo imchague mtaalamu. Kwa miradi mikubwa ya pwani kamati iwe ya lazima, na mvuvi anayeijua bahari awe ndani tangu mwanzo, asiitwe siku ya mkutano wa soda na posho. Ushauri wa kamati utangazwe kabla ya leseni kutolewa. Waziri akitaka kuukataa, aukatae, lakini aandike sababu.

Nitaambiwa huko ni kuchelewesha maendeleo. Leseni ya Kwasasi ilitolewa 2016 bila kuchelewa. Mahakama ya Malindi ilipotoa hukumu miaka tisa baadaye, hakukuwa na hata wati moja.