Kibarua wa mwaka mzima: hesabu ambayo pande zote mbili huikwepa

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa kila siku inapoisha, na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo mmoja. Sasa waangalie wanaoitwa vibarua katika viwanda vya Athi River, mashamba ya maua ya Naivasha au maghala ya Mombasa. Utawakuta wengine wanalipwa Jumamosi au kila baada ya wiki 2, wakisimama kwenye mashine ileile chini ya mnyapara yuleyule, mwaka nenda mwaka rudi. Kisheria hao si vibarua tena, hata kama daftari la mwajiri linasema hivyo.

Kinachowabadilisha ni kifungu cha 37. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kuisha kabla ya miezi 3, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi. Kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Akipitisha miezi 2, anastahili masharti yote ambayo angepewa kama asingeanza kwa kibarua: likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, likizo ya ugonjwa, ya uzazi, na mengineyo.

Makarani wengi hukosea hapa. Tuseme mtu ameanza Jumatatu tarehe 7 Julai 2025, anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Ikifika Jumanne tarehe 5 Agosti, karani anayehesabu siku za kuingia getini anaona siku 26 na kujiambia bado 4. Lakini sheria inaingiza kwenye hesabu siku ya mapumziko inayofuata siku 6 za kazi, pamoja na sikukuu za umma. Ukijumlisha Jumapili 4, siku 30 zimetimia jioni hiyohiyo.

Tuwasikilize waajiri kwanza, maana hoja yao nzito kuliko zote haisemwi vya kutosha: mpaka wa mwezi mmoja unaweza kumwumiza hata kibarua mwenyewe. Mwajiri anayeuogopa humwondoa mtu siku ya 24 au 25, akamwita mwingine, kisha akamrudisha wa kwanza baada ya wiki. Kifungu kilichokusudiwa kumpa mtu kazi ya kudumu kinampa likizo ya lazima isiyo na malipo. Halafu kuna kazi ambazo kweli hupanda na kushuka. Shamba la maua linahitaji mikono mingi wiki chache kabla ya Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, kisha haliihitaji. Meneja akishamwajiri mtu kwa mwezi, kumwondoa kunamtaka athibitishe sababu, amweleze mfanyakazi kwa lugha anayoielewa, amsikilize akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akikosea, mahakama inaweza kumtoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Na wapo vibarua wanaotaka wenyewe pesa ya leo, na uhuru wa kwenda kwingine kesho.

Hoja ya gharama ndiyo dhaifu. Chukua amri ya mishahara ya mwaka 2018 (viwango vimepanda tangu hapo, ila mfano unatosha). Mfanyakazi wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu alipangiwa kima cha chini cha shilingi 13,572.90 kwa mwezi. Kwa kutwa, shilingi 653.10. Zidisha kutwa hiyo kwa siku 26: 16,980.60. Mwongezee wa mwezi posho ya nyumba ya asilimia 15, anafika kama 15,609. Gawanya likizo yake ya mwaka kwa miezi 12, ni siku 1.75, karibu shilingi 1,050. Jumla yake ni kama 16,659, bado chini ya kibarua. Yaani anayelipa kutwa kwa kiwango halali anaokoa kidogo sana, pengine haokoi kitu. Nafuu kubwa anaipata yule anayelipa chini ya kiwango, asiyepeleka makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), au anayemwondoa mjamzito kwa kutomwita tena. Meneja anayesema vibarua ni rahisi aulizwe kwanza ni lipi kati ya hayo analolifanya.

Kuna faida nyingine ya mwajiri isiyoandikwa kwenye bajeti. Chama hupata haki ya kutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, na makato ya ada hupitia Fomu S, ambayo mfanyakazi huitia saini kuyaruhusu. Watu wanaobadilishwa kila mwezi hawawezi kujazwa fomu wakahesabika.

Upande wa wafanyakazi nao hujipa matumaini kupita kiasi kuhusu kifungu cha 37. Haki ipo; ushahidi ndio hupatikana kwa shida. Masta roli (orodha ya mahudhurio na malipo) iko kwa mwajiri, kitabu cha getini kiko kwa mwajiri, na mnyapara hataki kupoteza kazi kwa kukutolea ushahidi. Kinachosaidia ni taarifa ya M-Pesa yenye malipo ya wiki baada ya wiki kutoka nambari moja, taarifa ya NSSF, na picha ya kadi ya kuingilia. Muda wa kudai ni miaka 3, na huwa unapita watu wakingoja kuitwa tena.

Kisha kuna malipo ya kipande. Mwaka 2017, katika kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline, Mahakama ya Rufani ilitofautisha aina nne za ajira: isiyo na muda, yenye muda maalum, ya kipande, na ya kibarua. Kifungu cha 37 kinamzungumzia kibarua. Anayelipwa kwa gunia au kwa kilo, hata akikaa miaka, anaweza kujikuta nje ya mlango huo. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo ambalo vyama vilipaswa kulipigia kelele kuliko neno kibarua lenyewe.

Kwa kazi inayofuata majira, njia nafuu ni mkataba wa msimu ulioandikwa: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha au tukio litakaloumaliza, kiwango cha malipo, na likizo ikilipwa kwa uwiano mwishoni. Aliyepitisha wiki 4 mfululizo apewe cheti cha utumishi anapoondoka. Uamuzi ufanywe kufikia siku ya 20 ya kazi, sio ya 29: ama msimu unaisha na mtu anaondoka, ama anatia saini. Mkataba huu unaharibika ukirudiwa bila kusita mara tano au sita kwa kazi ambayo haina msimu wowote, kama kufunga bidhaa kwenye maboksi. Hapo mfanyakazi atadai kwamba alikuwa na matarajio halali ya kuendelea, na barua zile sita za mwajiri ndizo zitakuwa kielelezo chake cha kwanza mahakamani.