Shambulio la moyo: ile asilimia 40 ilikosewa, ila mwanamke mweusi bado alirukwa

Kila ikitajwa habari ya wanawake na weusi kuhudumiwa ovyo wakipata shambulio la moyo, hapa Dar hakosi mtu wa kusema hayo ni mambo ya Wamarekani, alafu ule utafiti wao wa 1999 si ulikuzwa.

Ulikuzwa kweli. Madaktari 720 walionyeshwa video za waigizaji wanaojifanya wagonjwa wa maumivu ya kifua, maneno yaleyale, nguo zilezile za hospitali, tofauti ni rangi, jinsia na umri. Magazeti yakaandika kwamba wanawake na weusi walikuwa na nafasi pungufu kwa asilimia 40 kupelekwa kwenye kipimo cha mishipa ya moyo, kumbe hesabu ilisomwa vibaya, uhalisia ni kwamba wanawake, na vilevile weusi, walipelekwa kwa asilimia 84.7, wanaume na weupe kwa 90.6. Hapo wakosoaji nawapa haki yao.

Ila ifungue hiyo wastani ya 84.7. Mwanaume mweupe 90.6, mwanaume mweusi 90.6, mwanamke mweupe 90.6, mwanamke mweusi 78.8. Yaani pengo lote kalibeba yeye peke yake, karibu 12 katika kila 100, na hakuna aliyeomba radhi kwake, watu wakabaki kubishana kuhusu asilimia 40.

Wengine wanasema wanawake hupata huu ugonjwa umri umeenda, wana sukari na presha, wanachelewa kufika. Ni kweli kabisa na inachangia vifo. Lakini kwenye video nani alichelewa?

Kwetu daktari na mgonjwa wote weusi, kwa hiyo rangi tuiweke pembeni, jinsia inabaki. Mama anafika anatokwa jasho la baridi, kichefuchefu, taya linavuta, anasema chembe ya moyo inauma, anaambiwa vidonda vya tumbo au mawazo, anapewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, arudi nyumbani. Maumivu ya kifua ndo dalili kuu hata kwa wanawake, ila hizo nyingine huwatokea zaidi na ndo zinazopotosha. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo palepale Muhimbili na inazibua mishipa, sasa atafikaje huko kama alikoanzia hakuna aliyewaza moyo?

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inatakiwa ndani ya dakika 10 mgonjwa akifika. Wanaosema vituo vidogo havina mashine wana hoja nzito, serikali ihangaike nayo, ila palipo na mashine huyo mama apimwe kwanza, omeprazole ifuate.