Siku Blowa Ilipopigwa Nyungu

Mjomba wangu alistaafu ufundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, na alipokuja kunitembelea Marekani alibeba majani ya chai, dagaa, na sheria yake moja: chombo kikitoka kazini kinaoshwa. Trekta linaoshwa. Jembe linaoshwa. Sufuria ya ugali ikilala chafu, kwake wewe bado hujafikia umri wa kuoa, hata kama una watoto watatu.

Sheria nzuri. Ila Korogwe maji yakimwagika hukauka.

Mimi nafanya kazi kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa, Kaunti ya Stearns, Minnesota, kaunti inayoongoza kwa maziwa jimbo zima. Januari ikikaza, kipimajoto kinashuka hadi digrii 25 chini ya sifuri na ng'ombe wanakamuliwa vilevile. Lori la maziwa huja kila baada ya siku moja. Lisipopata njia ya kufika kwenye tangi, maziwa mapya hayana pa kuwekwa, yanamwagwa. Ndiyo maana mashine inayoheshimiwa kuliko zote pale ni blowa ya theluji: sanduku pana la chuma linalofungwa nyuma ya trekta. Ndani mna parafujo ndefu inayokwangua theluji na kuisogeza katikati, feni inaipokea, inairusha juu kupitia bomba lililopinda, ikaangukie ng'ambo ya uzio. Nguvu zote zinatoka kwenye shafti ya PTO, yaani mhimili ulio nyuma ya trekta unaozungushwa na injini ili kuendesha mashine iliyofungwa hapo, nayo huzunguka mara 540 kwa dakika.

Mjomba alipoiona ile PTO aliisalimia. "Hii naijua! Ya Korogwe hiihii!" Kesho yake akaziba bomba la haidroliki lililokuwa likivuja tangu vuli, na mzee mwenye shamba akampa mkono mbele ya watu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikujua kwamba walikusudia maji yenyewe, ya ndooni.

Theluji ilianguka mchana kutwa, nami nikaisukuma uani hadi jua likatua. Sasa ikabaki kusafisha blowa, na kusafisha blowa ni kazi kavu. Unaiinua, unaiacha izunguke tupu kidogo ili iteme theluji legelege. Unazima PTO, unazima injini, ufunguo unautia mfukoni. Kisha ile iliyoganda kwenye pembe na bombani unaigongagonga kwa kijiti cha plastiki. Mkono hauingii humo hata siku moja, kwa sababu feni iliyobanwa na barafu inaweza kuruka ghafla ikiachiwa, injini ikiwa imezimwa kabisa, na vidole haviuzwi dukani. Mwisho unaipumzisha juu ya mbao kwenye banda la baridi. Narudia, la baridi. Ukiiingiza kwenye karakana yenye joto, theluji inayeyuka, maji yanateremka hadi kwenye mashina ya feni, na siku ukiitoa nje yanaganda humohumo.

Nilikuwa nimeshatia ufunguo mfukoni nilipoitwa zizini: ng'ombe anazaa na ndama amekaa vibaya. Nikampa Mjomba kile kijiti. "Mjomba, nimalizie kuisafisha."

Sasa mwambie fundi wa Korogwe "safisha" halafu umpe kisogo.

Ndama alitoka salama. Nikarudi nyumbani nanuka, nikamkuta Mjomba anakunywa chai, uso umemchanua.

"Shikamoo, Mjomba. Blowa imekwisha?"

"Marahaba. Nimeiosha mpwa wangu, inang'aa."

"Umeiosha? Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu."

"Namaanisha, umetumia nini?"

"Maji ya moto." Akanitazama kwa huruma. "Ya baridi si yangeganda?"

Chumba cha kukamulia kina maji ya moto tele, kwa ajili ya kusafishia mabomba ya maziwa. Alikuwa ameyahamisha ndoo kwa ndoo. Alipomaliza aliifuta yote kwa kikoi chake. Hapo lazima nieleze: Mjomba huvaa ovaroli la baridi, buti za baridi, kofia ya manyoya, halafu juu ya hayo yote anajifunga kikoi, maana bila kikoi anajiona yuko uchi. Baada ya kufutia, kikoi kikiwa chepechepe, alikianika. Wapi? Kwenye parafujo.

Nikatoka na tochi. Ilikuwa inang'aa kweli. Blowa nzima imekuwa kabati la kioo: parafujo unaiona ndani, rangi unaiona, hata namba za kiwandani unazisoma, lakini huvigusi. Mbao hazikuwekwa, kwa hiyo chuma cha chini kilikuwa kimeoana na sakafu. Ndoo imeganda imesimama. Sifongo imo. Na katikati, nusu ndani ya barafu nusu nje, kikoi chekundu na njano kimenyooka wima, hakitikisiki na upepo.

Mzee mwenye shamba akaja, akamulika, akazunguka upande wa pili, akamulika tena. Wazee wa Minnesota hawafoki. Ghala likiungua mbele yake atavuta pumzi aseme jambo moja tu, na ndilo alilosema: "Hii ni tofauti."

Lori lilikuwa lije alfajiri, na upepo ulikuwa unairudisha theluji njiani kwa kasi kuliko ilivyoanguka.

Tukajaribu kuinua. Haidroliki ikanguruma, matairi ya nyuma yakabonyea, blowa ikatulia. Tukamwaga chumvi. Chumvi ya kawaida ikishapita digrii 9 au 10 chini ya sifuri inaanza kuchoka, na kwenye 25 za usiku ule ilikaa juu ya barafu ikitutazama. Mke wangu akaleta mashine yake ya kukaushia nywele, akaishikilia mpaka mikono ikamfa ganzi, tukapata kitobo cha kutosha sindano. Mjomba akapendekeza maji ya moto zaidi. Hakuna aliyemjibu.

Basi akakaa kimya juu ya ndoo, nyingine, akafikiri. Akanyanyuka. "Huyu anataka nyungu."

Na sisi wote tuliofukizwa utotoni tulijua papo hapo kwamba amesema kweli. Tukaleta turubai, mablanketi ya ndama na hita ya umeme, tukaifunika blowa gubigubi, tukaacha hita inapulizia chini. Mjomba akauliza kama kuna majani ya mlimao, akaanza kuisomea dua. Mzee akataka kujua tunafanya nini, nikamweleza kwamba kwetu ndivyo anavyotibiwa mtu mwenye mafua makali. Akasema hata yeye turubai na hita ndiyo dawa yake miaka yote, ila hajawahi kuona mtu akiisomea mashine dua.

Usiku kucha ilitoa jasho. Kila maji yalipochuruzika tuliyafagilia mbali kabla hayajapata wazo la kuganda tena. Kuelekea alfajiri mapande yakaanza kuachia, tukayachokoa kwa kijiti. Ndoo ikatoka. Chuma kikaachana na sakafu. Kilichogoma ni viwili: kikoi, ambacho kilikuwa kimejisokota kwenye mhimili na kuingia hadi kwenye feni, na bomba la kurushia, ambalo pete yake ilikuwa bado imeganda likiwa limeelekea nyumba ya mzee.

Taa za lori zikaonekana kule barabarani.

Mzee akapanda trekta, akatufukuza mbali, akawasha PTO polepole. Tak! Parafujo ikasimama. Bolti imekatika. Mjomba akaiokota kwa dharau. "Bolti gani hii ya makaratasi? Nileteeni ya chuma kigumu, niwafungie moja isiyokatika milele." Mzee akatikisa kichwa kabla sijamaliza kutafsiri. Bolti ile imetengenezwa ife yenyewe ili giaboksi ipone. Bolti ni senti, giaboksi ni ng'ombe mzima. Ikafungwa nyingine ya aina ileile.

Mara ya pili ikazunguka. Yakatoka mapande ya barafu, yakatua kwenye bati la banda la kuni kwa kishindo kilichomfanya mbwa ahamie kwa ng'ombe. Ikatoka sifongo. Ikakohoa. Halafu bomba likatema kikoi, kipande baada ya kipande, vyekundu na vya njano, vikapaa juu ya uzio na kunasa kileleni mwa msonobari ulio mbele ya dirisha la jikoni la mke wa mzee.

Mzee akazima injini. "Na hiyo pia," akasema, "ni tofauti."

Njia ikafunguka, lori likaingia, maziwa yakanyonywa. Dereva akaniuliza zile bendera ni za sherehe gani. Nikamwambia ndama amezaliwa. Akatoa pongezi.

Tulipokaa kunywa chai, simu ya Mjomba ikalia. Mkewe, kwa video, kutoka Korogwe.

"Mbona leo umekaa bila kikoi? Kile nilichokununulia Idi kiko wapi?"

"Nimekifua," akasema Mjomba. "Nimekianika nje."

"Huko kuna jua?"

Akaigeuza simu dirishani. Anga buluu, jua linawaka kwenye theluji hadi macho yanauma, na juu kabisa ya mti kipande chekundu kimekakamaa.

"Jua lote hilo! Basi kitakauka lini?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama chai.

"Mwezi wa nne," akasema. "Inshallah."