Kuku wa sendofu

Kwa kuwa yule rafiki yangu amesharusha video yangu kwenye sendofu ya dada, tena amekata mwanzo wake makusudi ili nionekane mwendawazimu, acheni niseme mwenyewe. Kwanza, sikuwa nimelewa. Mbege nilionja kata moja tu, na ilikuwa baada ya tukio, kwa machungu.

Wanaonijua wanajua tatizo langu. Jina la kwanza Ramadhani, la ukoo la Kimarangu kabisa. Karani akilisoma lazima ainue kichwa aone mwenye jina anafananaje. Mama ni Mzaramo wa Kisarawe, marehemu baba Mchaga wa Marangu, mimi nimezaliwa Temeke na kukulia Temeke. Dar ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, lakini ukisema kwenu ni hapa hakuna anayekuelewa. "Kwenu wapi?" Temeke. "Hapana bwana, kwenu kwenu?" Nikienda Kisarawe wajomba wananiita Mangi, jina la machifu wa Kichaga. Nikipanda Marangu Desemba, watoto wa baba mkubwa wananiita Mswahili, kisa navaa sweta mbili na mtori nautia pilipili.

Sasa dada yangu, binti wa baba mkubwa, ndiye aliyekuwa anaagwa. Baba mkubwa akanipigia: "Mwanangu, ndafu ikiingia utasema maneno mawili kwa Kichaga. Watu wajue marehemu aliacha mtu." (Ndafu ni yule mbuzi mzima wa kuchomwa.) Hebu nyie niambieni, ningekataaje?

Kichaga changu mtaji wake ni maneno mawili kweli: shimboni, ya kusalimia, na aika, ya kushukuru. Nikaenda kwa Mangi, mwenye duka pale kona. (Dar kila mwenye duka la rejareja ni Mangi, hata angekuwa Mmakonde. Shikilieni hapo.) Nikamweleza yote: sendofu, ndafu, habari ya baba, hadi kwamba bwana harusi ni Mpare wa Same. Aliposikia Same akanyamaza. Akapima sukari nusu kilo taratibu kama anapima dhahabu. Kisha akanifundisha sentensi moja ndefu, tamu, yenye mapozi yake. "Maana yake: nawashukuru wazee wangu, nyumba hii na ile sasa ni moja."

Siku nne nimeiimba kwenye daladala. Nikajipa moyo kwamba Kimachame, Kikibosho, Kimarangu na Kirombo vyenyewe havifanani, nikiteleza watadhani nimelelewa ng'ambo ya mto.

Siku ikafika. Ndafu ikaingia kwa mbwembwe, imesimama kwenye meza yake ya magurudumu, majani mdomoni. MC akatangaza, "Mtoto wa marehemu!" Nikapewa kipaza sauti. Nikamtazama yule mbuzi, naye akanitazama, na kusema kweli kati yetu sisi wawili yeye ndiye aliyeonekana mwenyeji.

Nikasema, "Shimboni!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele. Shangazi mmoja akanyanyua kitenge juu. Baba mkubwa akafuta jicho. Ndugu zangu, pale ndipo pa kushukuru na kurudisha kipaza sauti cha watu. Mimi nikavuta pumzi, nikaishusha sentensi ya Mangi, yote, na mapozi yake.

Kimya.

Upande wetu wakawa wanatazamana kama abiria waliopitishwa kituo. Kwenye meza za bwana harusi, mzee mmoja alikuwa amepeleka kijiko cha wali mdomoni, kikabaki njiani. Mama aliyekuwa karibu naye akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Mimi nikamwona, nikajiambia: maskini, nimemliza.

Kwa hiyo nikarudia.

Naomba mnielewe. Nilidhani nimewagusa. Nikarudia polepole, kwa sauti ya juu zaidi, mkono kifuani, na lile neno la mwisho nikalivuta kabisa kama muadhini. Halafu nikamalizia na "aika" huku nimeinama.

Mshenga wao akasimama. Mzee wa makamo, koti la kijivu, karatasi tayari mkononi. Sijui ilitoka wapi, nadhani Wapare hutembea nazo. "Samahani wakwe zetu," akaanza, na sauti inatetemeka kwa hasira ya heshima. "Ng'ombe tulileta. Mbuzi tulileta. Blanketi la bibi tulileta. Mbege mliinywa wenyewe. Huyo kuku anayedaiwa mbele ya watu mia tatu, ameandikwa wapi?"

Kuku?

Naam. Sentensi niliyoibeba siku nne ilikuwa Kipare safi, na tafsiri yake ni hii: "Nimefuata kuku wangu, na siondoki hapa mpaka nilipwe." Mangi wetu ni Mpare wa Gonja. Wapare na Wachaga ni watani toka enzi na enzi, na utani wenyewe mnaujua, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Nimeishi Temeke miaka thelathini na mbili na sikuwahi kumuuliza mtu huyu kwao ni wapi.

Yaliyobaki ni mafupi. Baba mkubwa akaeleza, wakacheka, wakanipiga faini ya kuku mmoja hai, dada akalia lakini kwa kucheka, tukala. Mama aliniambia tu, "Si ungewapa shikamoo wote kwa pamoja ukakaa?" Bwana harusi sasa ananiita Mdai, na kwenye grupu la ukoo nimewekewa picha ya jogoo.

Jumatatu nikamfuata Mangi anilipe hela ya kuku wa faini. Akafurahi mno, akavuta kiti. "Nishtaki," akasema. "Nina ng'ombe wawili nyumbani, hawana kazi."

Nimehamia duka la mtaa wa pili. Mwenyewe naye wanamwita Mangi, ila safari hii nimejifunza, nikamuuliza kabla hata sijanunua chumvi.

"Kwetu? Kigamboni."

"Hapana bwana," nikamwambia. "Kwenu kwenu."