Wenzetu wana redio ya klasiki usiku na mchana, taarab asilia yetu imo makabatini

Mie naishi Milton Keynes, Uingereza, na kwetu ni Wete, Pemba, na kama kuna kitu kimoja cha Uingereza ningeweza kukifunga nikakipeleka nyumbani basi sio barabara zao wala supamaketi zao, ni redio yao ya muziki wa klasiki. Najua wengine mshaanza kushangaa, mana sie wengi tuliokuja huku tunauona ule muziki ni wa wazee wa kizungu wenye mali, wa kuvalia tai na kukaa kwenye viti vya mahameli, na mie nasema sivyo hata kidogo, huku ule muziki ni wa yeyote mwenye simu na intaneti ya nyumbani, awe dereva wa basi awe mtu wa usafi.

Mie husikiliza jikoni. Spika ndogo juu ya friji, simu mfukoni, nafungua BBC Radio 3 asubuhi naiacha inaendelea. Redio hii ilianza 1967 lakini kabla yake ilikuwepo idhaa yao ya Third Programme tokea 1946, na hebu fikirieni 1946 hali ilikuwaje, vita ndo kwanza vimekwisha, London imebomolewa, mkate unapatikana kwa mgao, na bado watu wakakaa wakakubaliana kwamba lazima iwepo idhaa ya muziki mzito na mashairi. Hilo linanigusa sana kila nikilifikiria, hawakusema tusubiri kwanza tutajirike.

Na anaesikiliza redio halipi kitu. Leseni ni ya televisheni, mwaka 2025 ilikuwa paundi 174 na nusu, ya redio ilifutwa tokea 1971, kwa hivo asie na televisheni anasikia bure kabisa. Ipo na Classic FM ilioanza 1992, hiyo inaishi kwa matangazo ya biashara na mpaka leo ipo hewani, kwa hivo asije mtu akanambia muziki wa zamani hauna wasikilizaji.

Ninachokipenda khasa ni adabu ya mtangazaji. Kabla ya kupiga kitu anakwambia katunga nani, mwaka gani, anapiga nani, kisa chake nini, kisha ananyamaza na haingilii mtu mpaka wamalize, hata iwe dakika arobaini. Kuna kipindi chao cha mtunzi wa wiki kimeanza 1943 na bado kipo, wiki nzima mtunzi mmoja tu, mpaka unajua alikuwa akidaiwa na nani na alifiwa na nani. Halafu kiangazi ikifika ndo zile konsati za Proms, zimeanza 1895, ukumbi wao wa mwanzo ukapigwa bomu 1941 wakahamia Royal Albert Hall wakaendelea, na kila konsati inarushwa moja kwa moja redioni, yaani mie nipo na sufuria langu la wali naskia kila kinachopigwa kule London.

Sasa mama yangu alipokuja kututembelea alikuwa hukaa na mie hapo jikoni. Siku moja anakata bamia, redioni wameweka sello peke yake, ile fidla kubwa, kazi ya Bach yule mtunzi wa Kijerumani, hakuna chombo chengine. Akasikiliza weee, mwisho akanambia, baba, mbona hamna anoimba? Nikamwambia mama huyu hana mwimbaji, anapiga peke yake mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza tena, kisu mkononi, kisha akasema huyu anafanya kama mpiga ganuni akianza kabla wenziwe hawajaingia.

Na ndo hivo khasa, anaijua taksim huyo bibi. Ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, au udi unaanza peke yake, unapanda maqam, yaani ngazi ya sauti, unashuka, unagusa sauti moja unairudia, unamtayarisha mtu moyo wake, halafu ndo fidla zinaingia zote kwa pamoja na ngoma ya dumbak na tari ya rika. Tofauti yake ni kwamba Bach aliandika kila sauti kwenye karatasi, na mpiga taksim anaitoa palepale alipokaa, kesho hutoisikia tena vilevile. Kwangu mie hio inaifanya taksim kuwa na thamani zaidi ya kurekodiwa na kuwekwa, mana ikipita imepita.

Basi mama akasema, weka na yetu. Nikaingia kwenye programu ya redio za dunia nzima, ukiandika Zanzibar zinakuja stesheni kadhaa. Moja walikuwa wanazungumza mpira. Nyengine ina taarab kweli lakini ile ya kisasa, ya kinanda na mipasho, na sina ugomvi nayo, watu wanaipenda na harusi haziendi bila yake. Ya tatu wakaweka wimbo wa zamani mzuri, mama akaanza kutikisa kichwa, ubeti wa pili tu mtangazaji kaingia juu ya fidla anasalimia jamaa zake wa Mwanakwerekwe, na wimbo ukakatwa hapohapo. Nani kaimba hatukuambiwa, shairi la nani hatukuambiwa, kikundi gani hatukuambiwa. Mama alimjua mwimbaji kwa sauti. Lakini mwanangu aliezaliwa huku, alokuwa amesimama pale mlangoni anasikiliza, atamjuaje?

Hapo ndo ninapoumia mie. Mana sisi hatukosi historia, tunayo tele. Sultan Barghash wa Zanzibar, alietawala 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kimeanzishwa 1905. BBC yenyewe imeanza 1922 na okestra yao ile kubwa ya BBC Symphony imeundwa 1930, kwa hivo Ikhwani ni mkubwa wa okestra hio kwa miaka 25 na mpaka leo wapo Mji Mkongwe wanapiga. Mwimbaji Siti binti Saad mzaliwa wa Fumba kapanda meli mpaka Bombay 1928 kwenda kurekodi santuri. Kikundi chengine, Culture Musical Club, wapo tokea 1958. Na kwenye taarab asilia usiku unafunguliwa kwa bashraf, muziki mtupu bila maneno, umbo lake limetokea Uturuki likapita Misri likafika kwetu, na hawa huku nao wana vipande vyao vya kufungulia opera. Na shairi lina vina na mizani, sio maneno ya kuokoteza.

Na redio ndo iliyoilea taarab yetu, msisahau. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alikuwa akitangazwa kutoka Cairo kila Alkhamis ya mwanzo ya mwezi, ulimwengu wa Kiarabu mzima umekaa unasikiliza, na wazee wetu Unguja na Pemba nao walikuwa wakiitega Cairo, wakichukua lahani wakizitilia maneno ya Kiswahili. Sasa kitu kilicholelewa na redio leo kinakosa redio wakati redio imekuwa rahisi kuliko wakati wowote!

Mwaka 2005 Ikhwani walipotimiza miaka mia, rekodi ya kuadhimisha imetolewa na lebo ya Ufaransa, Buda Musique. Nawashukuru kwa moyo safi, wamefanya kazi kubwa na mie nimeinunua. Lakini inauma kuagiza Paris sauti ya Malindi yetu ya Unguja.

Kuna mtu atasema mwenzetu umekaa Uingereza sana umeanza kudharau kwenu. La wallahi. Kuna mambo ya nyumbani wenzetu huku hawatoyapata kwa pesa yoyote. Huku kila mtu na hedifoni zake, jirani yangu ukuta kwa ukuta sijui anasikiliza nini, na usiku saa tano ikifika unapunguza sauti usije ukalalamikiwa. Kwenye konsati zao unakaa kimya kama umo darasani, hata kukohoa unakuzuia, na kipande kikimalizika bado unamtizama mwenzio kama wakati wa kupiga makofi umefika. Kwetu shairi likikugusa unainuka, unakwenda mbele pole pole na noti yako unamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua limekuhusu nini, wengine wanalia kabisa. Redio ya nyumbani nayo ni ya watu, inawekwa dirishani mtaa mzima unaskia, matangazo ya vifo yakianza kila mtu ananyamaza. Hayo sitaki yaguswe. Ninachotaka ni kiongezwe kitu pembeni, idhaa moja ya mtandaoni ya taarab asilia, kwa ajili yetu tulio mbali na kwa vijana wa huko huko ambao hawendi klabu za taarab.

Na sio mradi wa mabilioni. Radio 3 mtandaoni inarushwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde, hio inakula MB 144 kwa saa, mtu wa Micheweni mwenye bando la GB moja haimfikishi hata saa saba, kwa hivo tusiige hilo. Ukirusha kwa kilobiti 64 inakuwa kama MB 29 kwa saa, GB moja inampa saa thelathini na zaidi, na kwa fidla na ganuni zilizorekodiwa kwenye kanda za zamani inatosha kabisa. Programu za kurushia zipo za bure, Icecast kwa mfano hailipiwi. Watangazaji wapo, chuo cha muziki cha Unguja, Dhow Countries Music Academy, wanasomesha vijana tokea 2002, ganuni, udi, fidla, hao ndo wa kukaa kwenye maikrofoni wakatueleza maqam gani hii na mtunzi nani. Kinachohitaji pesa ni haki za wenyewe, lazima vikundi na warithi waombwe ruhusa na walipwe, Ofisi ya Hakimiliki ipo kwa kazi hio, na hapo ndo sie wa nje tunaweza kusaidia kwa vitendo badala ya kulumbana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Lakini kuna la haraka zaidi kuliko redio yenyewe. Tepu haipendi joto wala unyevu, na kwetu vyote viwili vipo mwaka mzima. Huku wanajivunia Bach leo kama kwamba hajawahi kusahaulika, na kumbe alipokufa 1750 ile kazi yake kubwa ya mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo ilikaa miaka na miaka bila kupigwa hadharani nje ya mji wake, mpaka kijana wa miaka 20 anaitwa Mendelssohn alipoisimamisha Berlin mwaka 1829. Aliweza kwa sababu karatasi zilikuwepo. Kwetu taksim haikuandikwa popote, imo kwenye tepu tu, na tepu ikishashikana hakuna Mendelssohn atakaeifufua.

Marehemu ami yangu kaacha sanduku la kanda Wete, za vikundi vya Unguja na za Pemba ambavyo kijana wa leo hata majina hayajui, kila moja kaandika kwa kalamu ya wino mwimbaji na mwaka. Nishamwambia binamu azitoe kwenye chumba kile kinachovuja aziweke juu, na mie nikija inshallah nazitia kwenye kompyuta moja moja. Mwenye mashine ya kupigia kanda ilio nzima, awe Wete au Chake, inayozunguka kwa spidi yake sawa, aniandikie, nakodi au nanunua. Na mwenye sanduku kama hilo kwao asitupe hata kanda moja, hata ilioandikwa jina nusu.