Kanda za TVZ kabla ya kamera mpya

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, zama za Rais wa Zanzibar Mzee Aboud Jumbe, ikiwa ya rangi tangu mwanzo. Afrika Kusini ilisubiri hadi 1976 ndipo ikapata televisheni ya aina yoyote, na Tanzania Bara hadi 1994. Hayo husemwa kwa fahari na ni haki yasemwe. Kinachozungumzwa kwa nadra ni vile vilivyorekodiwa baada ya hapo: michezo ya kuigiza, mawaidha ya Ramadhani, taarab na taarifa za habari. Tangu 2013 televisheni na redio ya serikali ziko chini ya ZBC, Shirika la Utangazaji Zanzibar, na swali linalolikabili shirika lolote la umma la umri huo ni moja. Fedha ni chache. Ziende kwenye kamera na vipindi vipya, au kwenye kanda za zamani?

Wanaotaka kamera hawakosei. Mtazamaji wa leo ana simu mkononi na tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na kituo chenye picha hafifu anakihama mara moja. Tena sehemu kubwa ya kilichorekodiwa na kituo cha serikali ni ziara, hotuba na kukata utepe. Ipo pia haki ya wasanii: makubaliano ya zamani hayakutaja intaneti, kwa hiyo kuirusha taarab ya miaka ya 1980 mtandaoni bila kuwasiliana na warithi na COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, ni kujitafutia kesi.

Lakini kamera inayokosekana mwaka huu itanunuliwa mwaka ujao, na huenda ikawa bora zaidi. Kanda haingoji. Mfano wa karibu ni Siti binti Saad. Alirekodiwa Mumbai mwaka 1928, akafariki 1950, na sauti yake bado tunayo kwa sababu santuri zake zilitolewa kwa wingi na kuuzwa pwani nzima. Kipindi cha televisheni aghalabu kilikuwa na nakala moja tu, na kanda zilikuwa ghali hata BBC yenyewe ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 na 1970. Na santuri haionyeshi vidole vya mpiga ganuni, wala namna watu wanavyoinuka kwenda kumtunza mwimbaji mstari unapowagusa. Picha inaonyesha nani aliinuka, na kwa mstari upi.

Wengi hudhani kanda ikiwa kabatini iko salama. Kanda za U-matic, zilizoenea duniani kuanzia 1971, na Betacam zilizozifuata, zina unga wa chuma ulioshikizwa kwenye plastiki kwa gundi. Gundi ile hunywa unyevu. Wataalamu wa hifadhi wanataka chumba chenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40, ilhali Unguja wakati wa masika hupita asilimia 80. Gundi ikishalainika, kanda hunata kwenye vichwa vya mashine, hulia, husimama, na ukilazimisha, unga unabanduka pamoja na picha. Dawa ipo: kanda inaokwa kwenye kabati la maabara kwa nyuzi joto 50 hivi kwa saa nane au zaidi, inaachwa ipoe, kisha inachezwa ndani ya wiki chache kabla haijanata tena. Tanuri la jikoni halifai, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka ovyo. Kanda yenye koga jeupe itengwe na isafishwe kwanza, la sivyo koga litahamia kwenye mashine na kutoka hapo kwenye kanda zote zitakazofuata.

Mashine nazo zinakwisha. Sony iliacha kuuza Betacam mwaka 2016, na gurudumu la mpira linalovuta kanda huzeeka likawa kama ulimbo. UNESCO ilitoa tahadhari 2019 kwamba kufikia 2025 huenda kanda nyingi duniani zisichezeke tena. Mwaka huo umeshafika.

Tufanye hesabu. Kanda ya saa moja huchezwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato. Ongeza kukagua, kusafisha, kuangalia faili na kuandika maelezo, utakuta imekula saa tatu. Mtu mmoja na mashine moja ni kanda mbili au tatu kwa siku, kama 600 kwa mwaka wa kazi. Hifadhi ya kanda 5,000 ingemchukua zaidi ya miaka minane. Ukimwongezea wenzake watatu, kila mmoja na mashine yake, ni miaka miwili na kidogo. Nafasi ya kuhifadhia si tatizo: saa moja bila kupunguza ubora ni gigabaiti 40 hivi, kwa hiyo saa 5,000 ni terabaiti 200, na hizo huingia kwenye kanda 17 za LTO-8, kanda za kisasa za kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Tengeneza nakala mbili, moja ikae Unguja, nyingine Pemba.

Hata zile hotuba zisidharauliwe. Nyuma ya waziri anayekata utepe ipo barabara, yapo mavazi, ipo Mji Mkongwe kabla ya mahoteli.

Sehemu isiyonunulika ni majina. Faili lililoandikwa «taarab, 1983» halimsaidii mtu. Anayeweza kutaja nani anapiga fidla na ukumbi ni upi ni fundi au mtangazaji aliyestaafu, na wastaafu hao ni watu wazima sana sasa. Wao waitwe kwanza, hata kabla mashine hazijapatikana. Wawekewe kiti, chai na daftari la orodha ya kanda, na kijana wa kuandika wanayoyakumbuka.